Punda milia ana mlinzi, punda wetu ana nani?

Mwaka 2018 nilikuwa nikifundisha methali katika kidato cha pili, kwenye shule moja ya kutwa iliyo kati ya Naivasha na Gilgil. Niliandika ubaoni, "Asante ya punda ni mateke," kisha nikawataka wanafunzi waeleze maana na matumizi yake. Majibu yalikuja kama ilivyo desturi: kuna watu wasiokumbuka fadhila, ukiwatendea wema hukulipa ubaya. Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono na kusema, "Mwalimu, punda wetu hakuwahi kumpiga mtu teke. Aliibwa, akachinjwa."

Darasa lilinyamaza. Baada ya kipindi nilimwita, nikapata habari ambazo ningepaswa kuzijua mapema zaidi. Mama yake alikuwa akichota maji kwa mkokoteni na kuyauza vijijini, na kwa fedha hizo akilipa karo. Usiku mmoja kamba ilikatwa, na baada ya siku mbili mzoga uliochunwa ngozi ukaonekana korongoni. Tangu siku hiyo msichana huyo alikuwa akiamka alfajiri kubeba maji mgongoni kabla ya kuja shuleni. Nami, kwa kutojua, nilikuwa nimemsimamisha nje ya darasa mara mbili kwa kosa la kuchelewa.

Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi, na kila nikilikumbuka najiuliza swali moja: mama yule angeenda kwa nani? Alipiga ripoti, naam, lakini punda wake hakuwa na alama wala hati. Hakukuwa na afisi yoyote ya umma ambayo kazi yake ni punda. Ndiyo maana nashika kalamu leo kupendekeza jambo ambalo huenda wengine watalicheka: kwamba kaunti za Bonde la Ufa ya kati ziunde baraza la umma la kushughulikia punda, na pamoja naye farasi na baghala.

Kabla ya kucheka, msomaji na atazame mandhari ya kwetu. Ukisimama katika Mbuga ya Ziwa Nakuru au kule Hell's Gate, utamwona punda milia akila nyasi kwa utulivu. Mnyama huyo ana shirika zima la serikali, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1989. Ana askari, ana madaktari, na anayemuua hufikishwa mahakamani. Toka nje ya ua la mbuga na uingie barabara ya Lanet, Njoro au Kaptembwo. Utamkuta binamu yake asiye na mistari akivuta mitungi 20 ya maji, kila mmoja lita 20, yaani kilo 400 bila kuhesabu mkokoteni wenyewe. Huyu hana askari wala afisi. Je, ni mistari tu iliyowatofautisha mbele ya serikali?

Hapana shaka mlinganisho huo una kasoro, kwa maana punda milia huleta watalii na fedha za kigeni. Lakini nani amewahi kukaa akapiga hesabu ya anacholeta punda wa kawaida? Viazi vya Molo na Mau Narok hutolewa shambani na punda wakati matope yameyashinda malori. Maziwa ya Kinangop hufika kituoni kwa punda. Maji, makaa, mawe ya kujengea, mahindi ya kusagwa, vyote vimepita mgongoni mwake. Fedha hizo haziingii katika vitabu vya serikali kwa sababu zinaishia mifukoni mwa watu wadogo, na wengi wao ni akina mama. Kisichohesabiwa hakilindwi, na kisicholindwa huisha.

Nacho kilikaribia kuisha. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2. Katikati ya sensa hizo mbili, kuanzia mwaka 2016, serikali iliidhinisha vichinjio vya punda ambavyo hatimaye vilifika vinne. Kimoja kilikuwa hapa kwetu Naivasha, cha pili Mogotio katika kaunti jirani ya Baringo, na vingine Machakos na Turkana. Shabaha kubwa ilikuwa ngozi, ambayo huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, inayothaminiwa huko China kama dawa ya kuongeza damu. Utafiti wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba punda zaidi ya 300,000 walichinjwa katika muda usiozidi miaka mitatu. Ulionya pia kwamba kwa kasi hiyo punda wangetoweka nchini kufikia mwaka 2023. Wanafunzi wa biolojia hawatashangaa. Punda hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja, na mtoto huyo huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa wake. Huwezi kumvuna mnyama wa namna hiyo kama kuku.

Kilichofuata kinatufundisha zaidi. Februari 2020, baada ya malalamiko ya wenye punda, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Bwana Peter Munya, alitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021, Mahakama Kuu ya Naivasha ikaibatilisha marufuku hiyo kufuatia kesi iliyowasilishwa na wenye kichinjio. Februari 2024, viongozi wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi katika bara zima. Ruhusa, marufuku, ubatilisho, kisha azimio la bara: mambo manne katika miaka minane. Mwenye kichinjio alikuwa na wakili. Waziri alikuwa na gazeti rasmi la serikali. Mama mchota maji alikuwa na nini, mbali na bango la kuandamana nalo?

Sisemi kwamba wenye vichinjio walikuwa maadui. Waliajiri vijana wetu, na wapo wafugaji waliouza punda kwa hiari yao wakapata fedha za kujenga. Wala siilaumu mahakama, kwa maana mahakama huamua juu ya yaliyoletwa mbele yake. Hoja yangu ni kwamba maamuzi yote hayo yalifanywa bila ya kuwapo chombo chenye takwimu, chenye wataalamu, na chenye kauli ya wenye punda wenyewe. KALRO ilipohesabu, maelfu kwa maelfu walikuwa wamekwisha kuchinjwa.

Sekta nyingine za mifugo hazikuachwa hivyo. Tume ya Nyama ya Kenya iliundwa mwaka 1950, na Bodi ya Maziwa mwaka 1958. Mwaka 2011 likaundwa Baraza la Ustawishaji wa Ngozi. Tafadhali litafakari hilo la mwisho: ngozi ilipata baraza lake, lakini mwenye ngozi, akiwa bado hai, hakupata. Farasi naye, ingawa ni wachache, hakukosa wasemaji. Aliletwa na walowezi katika mashamba ya Njoro na Molo, na wenye fedha wakamwundia vilabu na viwanja vya mashindano, ukiwamo ule wa Ngong. Huko Uingereza, mwaka 1961 bunge liliunda bodi ya kukusanya sehemu ya fedha za kamari ya mbio za farasi ili zirudi kumhudumia farasi mwenyewe. Mantiki yake ni nyepesi: anayechuma kwa jasho la mnyama na arudishe kidogo kwa mnyama.

Nasikia sauti ikiniuliza: bodi nyingine tena? Swali hilo ni la haki. Watu wa Nakuru hawahitaji kusimuliwa habari za Bodi ya Pareto, ambayo makao yake yalikuwa papa hapa mjini. Kenya ilikuwa ikiongoza ulimwenguni kwa zao hilo, lakini wakulima walipeleka maua, wakangoja malipo hadi wakachoka, wakang'oa mimea na kupanda viazi. Isitoshe, Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mpango wa kuunganisha mashirika 42 ya umma ili yabaki 20, na kuyavunja mengine. Katika hali hiyo, kuomba shirika jipya la kitaifa lenye mwenyekiti, magari na jumba la ghorofa ni kujidanganya, na hata tukipewa, huenda punda akageuka kuwa wa kubeba bodi.

Kwa hiyo sipendekezi shirika la namna hiyo. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti kazi za ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo, na kifungu cha 189 kinaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Nakuru, Baringo na Nyandarua ni jirani, na punda aliyeibwa Gilgil hauliziwi pasipoti akivushwa mpaka wa kaunti. Kaunti hizo tatu zinaweza kuanza na baraza dogo, ambalo wengi wa wajumbe wake ni wenye punda wenyewe, na ambalo makao yake ni chumba kimoja katika afisi iliyopo tayari.

Kazi zake ziwe nne tu. Ya kwanza ni kuandikisha punda na kuwatia alama, ili anayemuuza au kumsafirisha aonyeshe kwamba ni wake. Ya pili ni tiba na kinga: dawa za minyoo, utunzaji wa kwato, na chanjo. Waswahili waliuita ule ugonjwa wa kukakamaa misuli pepopunda, na kweli punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao upesi, lakini ni wenye punda wangapi wameelezwa kwamba chanjo ipo? Ya tatu ni mafunzo kwa waendeshaji na kwa mafundi wa mikokoteni na matandiko, kwa maana vidonda vingi vya punda vinatokana na hatamu mbovu na mzigo usiosawazishwa. Tuna Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro na Chuo cha Mafunzo ya Maziwa pale Naivasha, kwa hiyo walimu hawatafutwi mbali. Ya nne ni kusema: kila mwaka baraza lipeleke hesabu ya punda na maoni ya wenye punda mbele ya mabunge ya kaunti, ili asiwepo tena waziri wala jaji atakayelazimika kuamua gizani.

Fedha zitoke wapi? Kaunti hutoza ada katika masoko, na sehemu ya mizigo inayotozwa imefikishwa pale na punda. Sehemu ndogo ya ada hiyo ingetosha kuanzia. Wapo watakaosema kwamba mashirika ya hisani yanatosha. Nayaheshimu mashirika hayo. Kule Lamu, shirika moja la Uingereza lilifungua zahanati ya punda mwaka 1987, na punda wengi walitibiwa humo bila malipo. Hata hivyo, hisani ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadili nia au kuishiwa fedha. Haki haipaswi kutegemea huruma ya mtu aliye mbali.

Ninyi walimu wenzangu mna nafasi ya pekee katika jambo hili. Watoto wanaochelewa kwa sababu ya maji wamo madarasani mwetu, si katika afisi za mawaziri. Waulizeni kabla ya kuwaadhibu, maana mimi sikuuliza. Nanyi wanafunzi, hesabuni punda wa vijiji vyenu, mjue wanabeba nini na wanalisha nani, muandike insha zenye takwimu mlizozikusanya wenyewe. Mjumbe wa bunge la kaunti akipokea hesabu za vijiji kumi hataweza kusema hakujua.

Wahenga wetu walikuwa na methali nyingine kuhusu mnyama huyu: afe punda, mzigo wa bwana ufike. Zamani niliifundisha kama mfano wa ubinafsi wa mabwana. Siku hizi nikiifundisha huongeza swali moja, na naliacha kwa msomaji pia: punda akisha kufa, mzigo wa kesho utabebwa na nani? Katika nyumba ile ya kati ya Naivasha na Gilgil, jibu lilikuwa msichana wa kidato cha pili.