Pedi Haihukumiwi kwa Picha

Septemba 2005, kwenye maonyesho ya gemu ya Tokyo, Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo, alinyanyua mbele ya umati kifaa chembamba ambacho mtu angeweza kudhani ni rimoti ya televisheni. Ilikuwa pedi ya konsoli ambayo bado haikuwa na jina la kuuzia. Video iliyoitambulisha haikuonyesha gemu hata moja. Ilionyesha watu tu, wakivua samaki hewani na kupiga ngoma zisizokuwepo. Wapo walioshangilia. Wengine, hasa wale waliokulia kwenye gemu na kununua konsoli moja baada ya nyingine tangu utotoni, walijiuliza kama kampuni hiyo imeamua kuwatupa mkono.

Miezi saba baadaye mambo yakazidi. Konsoli ilipewa jina la Wii, neno ambalo masikioni mwa Mwingereza ni lile lile la mtoto anayetaka kwenda kukojoa. Utani haukuisha.

Novemba 2006 Wii iliingia madukani, na madukani haikukaa. Jumla ziliuzwa zaidi ya milioni 101, wakati GameCube, konsoli iliyoitangulia, haikufika milioni 22. Gemu ya Wii Sports, iliyotolewa pamoja na konsoli hiyo katika nchi nyingi, iliwasimamisha sebuleni watu ambao hawakuwahi kushika pedi maishani mwao, wakapiga tenisi mbele ya runinga.

Tangu hapo kisa cha Wii kimegeuzwa hirizi. Kampuni ikizomewa kwa kifaa cha ajabu, mashabiki wake huivaa shingoni: mbona hata Wii ilichekwa? Lakini hirizi hiyo haimkingi kila mtu. Nintendo hiyo hiyo, mwaka 2012, ilileta Wii U yenye pedi pana iliyobeba skrini katikati. Wanunuzi wengi hawakuelewa hata kama ni konsoli mpya au ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyokuwa nayo. Iliuzwa takriban milioni 13.5, ikakoma. Mwaka 2013 Microsoft nayo ilitoa Xbox One ikiwa imefungwa pamoja na Kinect, kamera inayosoma miondoko ya mchezaji, kwa dola 499 za Marekani, wakati mshindani wake PlayStation 4 aliuzwa dola 399. Wachezaji walinung'unika tangu siku ya tangazo. Juni 2014 kampuni ilisalimu amri, ikaanza kuuza Xbox One bila Kinect kwa dola 399.

Sasa wachezaji wasikilizwe lini, na lini waachwe wapige kelele mpaka wachoke? Namna moja ya kupima ni kuuliza lalamiko limetoka wapi, kwenye jicho au kwenye mkono. La jicho huzaliwa siku picha inapotolewa, kabla mtu yeyote hajagusa kitu. La mkono huja baada ya saa nyingi za kucheza, na aghalabu hutaja jambo mahususi: kitufe kiko mbali, kidole gumba kinauma. Wii ilichekwa kwa jicho. Kinect ilikataliwa na watu waliokwisha kuijua, kwa kuwa ya kwanza ilitoka mwaka 2010 na wengi walikwisha kuiona ikikosea kuwasoma.

Anayedharau nguvu ya mkono aingie kwenye kibanda cha gemu Dar es Salaam au Nairobi, pale wanapopokezana pedi za PlayStation kwa mechi za mpira. Hakuna anayeangalia vidole vyake. Pembetatu, duara, msalaba na mraba vimekaa mahali pale pale tangu PlayStation ya kwanza mwaka 1994, na mkono umeshakariri. Ukimbadilishia mtu umbo la pedi, unamrudisha darasa la kwanza. Ana haki ya kuuliza atapata nini kwa kusumbuliwa hivyo.

Sony iliyachanganya malalamiko hayo mawili. Mei 2005 ilionyesha pedi ya PlayStation 3 iliyopinda kama bumerangi, ikachekwa vibaya. Mwaka uliofuata ikaja na nyingine, Sixaxis, yenye umbo la kale lililozoeleka. Jicho likatulia. Ila pedi hiyo haikuwa na mtetemo, ule mtikisiko unaomwambia mchezaji kwamba gari limegonga ukuta au risasi imempata. Mikono iliyozoea kutikiswa tangu miaka ya 1990 ilihisi pengo mara moja. Mtetemo ulirudi na DualShock 3, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2007, mwaka mzima baada ya konsoli yenyewe. Kampuni ilikimbilia kurekebisha sura na kuchelewa kurekebisha kilichopungua kiganjani.

Kwenye miendelezo ya gemu mizani ni hiyo hiyo. Mwaka 2000 Nintendo ilionyesha kipande cha video cha Link, shujaa wa The Legend of Zelda, akipigana upanga katika michoro iliyojaribu kufanana na uhalisia. Mashabiki wakajenga ndoto juu yake. Mwaka 2001 walioneshwa gemu yenyewe, The Wind Waker, na Link alikuwa katoto ka katuni kenye macho makubwa kama sahani. Hasira iliwaka. Wakabuni hata jina la kejeli, Celda, kutokana na mtindo huo wa uchoraji. Mei 2004 ilipotangazwa Zelda nyingine yenye giza na farasi wa vita, ukumbi wa Los Angeles ulilipuka kwa vifijo.

Lakini waliokwisha kucheza The Wind Waker walikuwa na malalamiko ya aina nyingine. Mashua ilikwenda polepole mno katika bahari pana, na karibu na mwisho mchezaji alilazimishwa kuzunguka akiopoa vipande vya hazina hadi achoke. Nintendo ilipoitoa upya kwa Wii U mwaka 2013, iliongeza tanga la kasi na kupunguza kazi ya kuopoa. Katuni iliachwa katuni, na leo ni vigumu kupata shabiki wa Zelda anayesema ilikuwa kosa. Michoro inayojitahidi kufanana na uhalisia huzeeka kila teknolojia inaposonga. Katuni ile haijazeeka.

Keita Takahashi, Mjapani aliyebuni Katamari Damacy, aliujibu umati kwa namna yake. Gemu hiyo ya 2004 humpa mchezaji mpira unaonata na kumwambia auviringishe: uokote pini, kisha paka, kisha nyumba, mpaka uwe mkubwa wa kutosha kugeuzwa nyota. Mashabiki walitaka nyingine. Akawatengenezea We Love Katamari mwaka 2005, na hadithi yake inahusu mashabiki hao hao, wanaomwendea Mfalme wa Ulimwengu kila mmoja na ombi lake. Baada ya hapo hakubuni Katamari nyingine. Miendelezo iliyofuata ilifanywa na wengine.

Na kuna pedi ya Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001, nene kupita kiasi, inayojulikana kwa jina la Duke. Jicho liliicheka na mkono ukaunga jicho mkono: wenye viganja vidogo hawakuvifikia vitufe. Microsoft ilikuwa imetengeneza nyingine ndogo kwa ajili ya Japani, na ndiyo ikaishia kuwa pedi ya kawaida ya Xbox duniani. Duke akazikwa. Mwaka 2018 kampuni ya Hyperkin ikamfufua, akiwa na unene wake ule ule, na katikati ya pedi ikawekwa skrini ndogo inayoonyesha michoro ya Xbox ile ya zamani ikiwaka. Walioinunua walijua kabisa jinsi ilivyo kubwa.