Nyumba Umenunua, Mita ni ya Nani?

Wadau, mwangaluka! Msiojua Kisukuma msihangaike, hiyo ni salamu ya asubuhi. Ukikaa Bariadi wiki moja tu utaijua, maana hata muuza vitumbua hakuuzii kabla hujaitikia.

Leo naomba niongee na wale tuliomaliza nao chuo, ambao sasa mnashika hela kidogo, au mmeshikwa na mkopo wa benki, ambayo kwa Tanzania yetu ni karibu jambo lile lile. Naona wengi mmeacha habari ya kununua kiwanja na kujenga tofali kwa tofali kwa miaka kumi. Mnanunua nyumba iliyokwisha simama. Kwa huku kwetu hilo lina maana yake. Sehemu kubwa ya Simiyu ilikuwa chini ya Shinyanga hadi 2012 ilipotangazwa kuwa mkoa na Bariadi ikawa makao makuu. Ofisi zikaja, watumishi wakaja nyuma yake, na mtu aliyekuwa na nyumba yake Somanda au Malambo akagundua ghafla kwamba ana mali.

Sasa tatizo langu ni hili. Nimesoma mikataba kadhaa ya mauziano ya nyumba. Ni mikataba mizuri kwa namna yake. Mipaka imeandikwa kwa uangalifu kabisa: kaskazini anapakana na fulani, kusini barabara, mashariki mti wa mwarobaini. Mashahidi wapo, dole gumba lipo, picha za pasipoti zimebandikwa, muhuri wa serikali ya mtaa umegongwa mpaka karatasi imetoboka. Mwarobaini umeandikwa! Lakini mita ya umeme haimo. Akaunti ya maji haimo. Shimo la choo limejaa au halijajaa, hakuna anayejua.

Mnaona ni mambo madogo? Hebu tuanze na umeme.

Ile mita ya LUKU ukutani ina namba yake yenye tarakimu 11, na namba hiyo ndiyo inayojulikana kwenye mfumo, si sura yako. Wewe ukibadilika, namba haibadiliki. Kama kuna deni lililowekwa juu ya mita hiyo, linakatwa kila umeme unaponunuliwa, na mfumo hauulizi aliyenunua leo ni mhusika au ni mgeni aliyehamia jana. Haya, sasa ongeza kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Nyumba ikikaa tupu bila mtu kununua umeme, kodi haiendi likizo, inajikusanya. Miezi kumi ya nyumba kungoja mnunuzi ni shilingi 15,000. Mwenye nyumba mpya ananunua umeme wa kwanza kwa furaha, anaweka 20,000, anaangalia uniti alizopata na kudhani simu imekosea.

Elfu kumi na tano haimuui mtu, najua. Lakini lipo la bei ya uniti, na hilo ndilo linalouma, tena linauma kila mwezi. Kwa bei zilizowekwa 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi yuko kwenye daraja la shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mteja wa matumizi ya kawaida, yule mwenye saluni, mwenye mashine ya kuchomelea, mwenye mafriji ya soda, yuko kwenye 292. Karibu mara tatu! Na daraja nalo liko kwenye mita. Ukinunua nyumba ambayo chumba cha mbele kilikuwa duka la vinywaji, umerithi daraja la duka la vinywaji, hata kama wewe una taa nne, redio na pasi ya Jumapili. Halitashuka lenyewe kwa huruma. Unakwenda ofisini, unaomba, wanaangalia matumizi yako ya miezi ya nyuma. Kuna mwalimu mmoja hapa mjini alinunua nyumba ya aina hiyo na akakaa karibu mwaka mzima akiwatuhumu wapangaji wake wawili kwamba wanapikia umeme usiku. Masikini wale watoto wa watu walikuwa wanapikia mkaa.

Nyingine kwa wanaonunua nyumba iliyokaa tupu muda mrefu: mkumbuke lile zoezi la kuboresha mita lililokuwa na ukomo wa Novemba 2024, pale tulipopewa tarakimu 20 mara tatu badala ya mara moja. Nyumba iliyokuwa imefungwa kipindi hicho, mita yake inaweza kuwa bado inasubiri. Ukinunua umeme unapata mafungu matatu ya namba, unaingiza kwa mpangilio ule ule uliopewa, la mwisho ndilo lenye umeme. Msiite fundi kwa hilo, atawatoza bure.

Je, kama nyumba haina umeme kabisa? Hapo ndipo tunapoingia kwenye siasa. Mwaka 2021 kuunganishiwa umeme kulifanywa kuwa shilingi 27,000 kila mahali. Januari 2022 bei ya mjini ikarudi 320,960 kwa nyumba isiyohitaji nguzo, kijijini ikabaki 27,000. Ukihitaji nguzo moja mjini ni 515,618. Sasa Bariadi "mjini" ni wapi? Kwenye karatasi za halmashauri ya mji kuna mitaa ambayo ng'ombe ni wengi kuliko magari, na katikati ya nyumba mbili kuna shamba la pamba. Wabunge wa sehemu nyingi nchini wamelipigia kelele suala hili, maana kwao ni hivyo hivyo. Kwa mnunuzi, tofauti ya mtaa na kijiji ni karibu shilingi laki tatu, na hiyo haiandikwi kwenye bango la "Nyumba Inauzwa". Mimi naona si haki kabisa. Mtu apimwe kwa mahali anapoishi kweli, siyo kwa jina la halmashauri iliyommeza. Lakini mpaka hilo libadilike, uliza kabla hujatoa hela. Na kabla hujaomba, nyumba iwe imefungwa nyaya na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA. Yule kijana anayetengeneza redio pale stendi simdharau, ila muhuri hana.

Maji. Hapa natamani niandike kurasa tatu lakini bosi ananisubiri na habari ya kesho. Mji wetu umekuwa ukitegemea zaidi visima virefu, na mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka upande wa Busega ni wimbo tulioimbiwa tangu zamani. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha zake 2017, Wajerumani kupitia benki yao ya KfW wakiwa ndani, na ilichukua miaka kabla wananchi hawajaona mitaro ikichimbwa. Kwa hiyo dalali akikuonyesha bomba uani, usitazame bomba. Fungua! Kisha waulize majirani maji yanatoka siku zipi na saa ngapi, na yana chumvi kiasi gani. Muulize mama mwenye nyumba ya pili, siyo dalali. Angalia kama kuna tanki na kama bati lina mifereji ya kukinga mvua, maana kipindi cha kiangazi mkokoteni wa madumu utakula mshahara wako taratibu bila wewe kusikia.

Na deni la maji? Tofauti na LUKU, maji mengi bado yanatumiwa kwanza na kulipwa baadaye. Mtu anaweza kukuuzia nyumba mchana akiwa na ankara za miezi sita kwenye droo. Kurudishiwa maji yaliyokatwa mara nyingi kunaanza na deni kulipwa, na aliyesimama mbele ya dirisha siku hiyo ni wewe. Muuzaji yuko Mwanza, simu haipatikani.

Pendekezo langu ni rahisi, na natamani mtendaji yeyote anayesoma hapa alifikirie. Serikali ya mtaa isigonge muhuri wa mauziano mpaka muuzaji alete karatasi mbili: moja ya umeme, moja ya maji, zikisema hadaiwi. Tunadai uthibitisho wa mipaka, kwa nini tusidai wa mita? Gharama yake ni kalamu na wino.

Wakati tunasubiri, mnunuzi ajitetee mwenyewe. Usimalize hela. Bakiza kiasi, hata laki mbili, andika kwenye mkataba kwamba italipwa siku mita na akaunti ya maji zitakapohamia jina lako. Andika namba ya mita na usomaji wa dira ya maji wa siku ya makabidhiano, wote mtie saini. Nenda na muuzaji mwenyewe ofisini akiwa bado ana tamaa ya ile laki mbili, maana akishaishika hutamwona tena. Beba kitambulisho cha NIDA na nakala ya mkataba. Nunua umeme wa shilingi 5,000 mbele yake, uone unakatwa nini.

Kuna mdau ataniambia kwa Wasukuma kudaiana karatasi ni kukosa heshima. Sikubali. Mzee anayekuuzia ng'ombe hapa Bariadi anamfungua mdomo mbele yako akuonyeshe meno.