Skuta inamvuta hata mzoefu, ila mkono wa kushoto ujihadhari
Pita Darajani, Unguja, asubuhi uone skuta zilivyojaa. Wengi wanaziita vespa tu, hata kama siyo Vespa. Anayejifunza anazipendea urahisi: za otomatiki hazina gia wala klachi, unavuta mafuta inaondoka. Mbele pako wazi, hivyo mwenye buibui au kanzu anakaa bila tabu, na kikapu cha sokoni kinapata pa kukaa.

Mzoefu naye amechoka kubana klachi kwenye foleni. Lakini kwa maoni yetu, yeye ndiye wa kuhofiwa zaidi. Palipokuwa na klachi, skuta nyingi zina breki ya nyuma. Ukiibana kwa mazoea unasimama ghafla na wa nyuma anakupanda. Halafu magurudumu ni madogo: shimo ambalo Boxer inalipita, skuta inakurusha.