AFYA YA JAMAA: Mwanangu anakimbia kilomita 42, na kocha hana

Mwezi huu tunajibu barua moja tu, maana ni ndefu na jambo lake linagusa nyumba nyingi.

Mama mmoja ametuandikia habari za mwanawe aliyeondoka hapa kambini akaenda Jinja kutafuta maisha. Anakaa Walukuba, anauza mivumba, na kila baada ya wiki mbili anapeleka mzigo Mbale. Sasa ameanza kukimbia alfajiri kabla ya kazi. Kocha hana, timu hana, ana daftari tu la kuandikia kilomita zake, na anasema mwezi wa Novemba atakimbia kilomita 42 kule Kampala, kwenye zile mbio kubwa zilizoanza 2004. Mama anauliza: “Sisi tulikimbia vita tukafika hapa miguu imevimba. Huyu anakimbia nini tena? Na hiyo nguvu anaitoa wapi, na chakula chenyewe ndicho hiki?”

Mama yetu, hilo la kwanza tulijibu kwa kucheka kidogo. Mkimbizi na mkimbiaji wametoka kwenye neno moja, na mtu anaweza kuwa vyote viwili. John Akii-Bua aliyeiletea Uganda medali ya dhahabu kule Munich mwaka 1972, katika mita 400 za kuruka viunzi, mwaka 1979 alikimbilia Kenya akakaa kambini kama sisi, kisha akaenda Ujerumani. Wenye nchi nao waliwahi kupanga foleni. Baada yake Uganda ilingoja miaka 40 mpaka Stephen Kiprotich wa Kapchorwa, huko juu ya Mbale, aliposhinda marathoni ya London mwaka 2012 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Na timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, ya Rio 2016, ilikuwa na watu 10, watano wao wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma.

Lakini hao walikuwa na walimu, na mama hakutuuliza habari za medali. Ameuliza habari za chakula, na hilo ndilo swali lenye akili kuliko yote. Hebu tupige hesabu pamoja.

Mtu akikimbia anatumia takribani kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita. Kijana wa kilo 60 akikimbia kilomita 10 anatumia kama kalori 600. Hizo ni kama gramu 170 za unga wa mahindi, juu ya kile anachohitaji kuishi na kufanya kazi. Akikimbia zote 42 anatumia kama kalori 2,500. Sasa kumbukeni kwamba kipimo cha mashirika cha chakula cha mtu mmoja kwa siku nzima, kikiwa hakijakatwa, ni kalori 2,100. Yaani asubuhi moja ya mbio inameza chakula cha siku na kupita. Na kukatwa tunakujua: mwaka 2025 WFP iliwaondoa wakimbizi kama milioni moja hapa Uganda kwenye orodha ya chakula.

Kwa hiyo tunasema wazi, hata kama vijana watatukasirikia. Kijana anayekula sufuria ya nyumbani hapa kambini, sufuria ambayo wadogo zake wanaigombea, asijiandae kwa kilomita 42. Kila kilomita anayoongeza inatoka kwenye sahani ya mtu. Akimbie kilomita 5, mara tatu kwa wiki, inatosha kabisa kwa afya na kwa furaha. Huyu wa Jinja ni mwingine, anajilisha kwa kazi yake. Mama, usimuulize anakimbia kwa nini. Muulize jana usiku alikula nini. Akisema posho na maharage sahani imejaa, na asubuhi viazi vitamu au chapati na chai ya sukari, na mara kwa mara mukene (wale tunaowaita ndagala) au karanga za kusaga, muache aendelee. Akisema chai tu, mwambie apumzike mpaka biashara ikae sawa. Na tundu la mkanda muulize pia! Likisogea ndani mwezi hadi mwezi, mwili unajila wenyewe. Kwa wasichana kuna dalili nyingine: hedhi ikipotea miezi kadhaa na hana mimba, mbio zisimame, aende kituo cha afya.

Sasa hili la kukosa kocha. Si jambo la aibu. Emil Zátopek, kijana wa Chekoslovakia aliyekuwa kibarua katika kiwanda cha viatu cha Bata (ndiyo, Bata hiyo hiyo mnayoijua), alibuni mazoezi yake mwenyewe, mengine akiyafanya na mabuti ya jeshi miguuni. Helsinki mwaka 1952 alichukua dhahabu tatu: mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, na marathoni hiyo ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Lakini asiye na kocha ana hatari moja kubwa: hakuna wa kumwambia leo basi. Ndiyo maana daftari la huyu kijana limetufurahisha. Aandike kilomita, aandike pia alivyolala, alivyokula na panapouma.

Mbio za siku nyingi ziwe za polepole, kiasi cha kuweza kuongea na mwenzako bila kuhema. Vijana wetu hawapendi hilo, wanataka kila asubuhi wawe kama wanafukuzwa. Asiye na saa ya kupima umbali aende uwanja wa mpira wa kawaida: mizunguko mitatu pembeni ni kama kilomita moja.

Tena huyu ana bahati ya miji miwili. Jinja mitaa yake ya zamani ni mipana na haina milima mikali, ni pazuri kwa mbio ndefu. Mbale kuna Wanale, umesimama juu ya mji kama ukuta. Basi wiki ya kwenda Mbale ifanye mlima: apande akikimbia, ashuke akitembea, maana kushuka kwa kasi ndiko kunakoumiza magoti na mapaja. Wiki ya kubaki Jinja ifanye mbio ndefu, aanze na kilomita 12 katikati ya Julai, kisha kila zamu aongeze tatu tu: 15, 18, 21, mpaka 30. Asizidi hapo. Wiki tatu za mwisho apunguze. Siku mbili kila wiki asikimbie kabisa, na siku ya kubeba mabunda ya nguo nayo aihesabu kama zoezi.

Mbale asiogope kuchekwa. Mwaka wa imbalu, kama 2024, vijana wa Kimasaba wanacheza kadodi na kukimbia barabarani siku kadhaa kabla ya kutahiriwa, nani atamshangaa mtu mmoja mwenye kaptula? Jinja ndipo aangalie zaidi. Asikimbie kwenye barabara kuu inayopita malori ya Malaba, hasa gizani. Kitambulisho chake cha mkimbizi akifunge ndani ya kavera, akiweke mfukoni, maana anayekimbia saa kumi na moja alfajiri ataulizwa anamkimbia nani.

Akiwa na homa asikimbie hata hatua, apimwe malaria kwanza. Maumivu ya sehemu moja kwenye mfupa yanayozidi kila siku si uvivu, ni mfupa unaotaka kupasuka. Kiu ikimshika kwenye mbio ndefu, anywe kidogokidogo ile dawa ya kuharisha tunayoijua sote: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Asijaze tumbo maji matupu lita kwa lita, hilo nalo limeua wakimbiaji.

Na Oktoba ikifika daftari halijafika 30, aingie ya kilomita 21. Hiyo nayo inataka kalori zaidi ya 1,200, kwa hiyo mama, kama kuna karanga za kumtumia, tuma Septemba, usingoje Novemba.

Barua za funza na za viatu vya watoto zimefika, tutazijibu mwezi ujao. Karatasi ni chache jamani, andikeni kwa ufupi.