Baridi Yabisi Si Jibu

Nina ugomvi na neno moja, na ugomvi huo una miaka kadhaa sasa. Neno lenyewe ni baridi yabisi. Goti likiuma ni baridi yabisi. Kiuno kikikaza ni baridi yabisi. Bibi akishindwa kuinuka mkekani, mtoto akichechemea, mkulima akiamka na kifundo kimevimba, wote wanapewa jina hilohilo. Ukiuliza limetoka wapi utaambiwa ulioga maji ya baridi, au ulilala sakafuni. Basi unaondoka umeridhika, kama mtu aliyejibiwa. Mimi niliondoka hivyo mara nne.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka 51, nafundisha darasa la tano. Chaki ilianza kunianguka mkononi. Asubuhi vidole vilikuwa vimekakamaa kama miti, vya mkono wa kulia na vya kushoto vilevile, na hadi kengele ya kwanza inagongwa nilikuwa bado sijaweza kufunga vifungo vya blauzi. Tabibu wa zahanati hakuinua macho. "Mwalimu, hii ni baridi yabisi tu. Umri huo." Akaniandikia diklofenaki. Nilipozidiwa nikaenda maabara ya mtu binafsi mjini, nikapimwa asidi ya yuriki, ikaonekana imezidi kidogo. Jina likabadilika: sasa nina gauti. Nikaacha nyama, nikaacha maharage, na nyumba nzima ikaacha pamoja nami, maana hakuna anayepika vyungu viwili. Vidole vikaendelea kuvimba.

Mama yangu alikuwa na miaka 78 na magoti yake yalikuwa mabovu kwa muda mrefu. Naye alipewa vidonge vilevile vya maumivu. Tukawa tunaazimana dawa kama watu wanavyoazimana chumvi, mpaka siku alipoanza kutapika damu. Vidonge vile vinaweza kuchimba tumbo, hasa la mzee, lakini hakuna aliyetuambia.

Na hayo ni madogo. Mwaka 2017 mtoto wa jirani, wa miaka saba, alivimba goti moja. Lilikuwa la moto, na mwili mzima una homa, hataki hata shuka liguse mguu. Watu wazima tulikaa tukamwangalia, tukasema baridi yabisi, akachuliwa kwa mafuta siku sita. Lilikuwa limejaa usaha. Kiungo kimoja chenye moto pamoja na homa ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu vijidudu vinaweza kuila gegedu ya goti kwa siku chache tu. Alipofika kwa wapasuaji walimwokoa mtoto, ila goti halijakunja mpaka leo. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema lile neno. Ndiyo maana naandika kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Aliyenifungua macho alikuwa daktari kijana, mwaka 2018, katika hospitali ya mkoa. Alinipa mkono, "Shikamoo mwalimu," nami nikaruka kwa maumivu. Hakuuachia. Alibonyeza kifundo kimoja kimoja, akauliza: "Asubuhi vidole vinachukua muda gani kufunguka? Na ukifanya kazi vinazidi au vinapungua?" Nikamjibu, saa moja na nusu, na nikishafua nguo huwa nafuu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Akapeleka damu yangu kupimwa, lakini aliniambia mapema kwamba hata majibu yangekuja safi asingebadili mawazo haraka, kwa kuwa wapo wenye ugonjwa huu ambao damu yao haiuonyeshi. Ulikuwa athraitisi ya rumatoidi: kinga ya mwili inayogeuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Dawa yake ya kwanza ni methotreksati, inayomezwa mara moja kwa wiki na damu ikiangaliwa kila baada ya muda. (Mara moja kwa wiki, narudia, maana kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua.) Ikianza mapema huzuia viungo visiharibike. Mimi nilichelewa miaka miwili, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimeshapinda. Hivyo havirudi.

Magoti ya mama ni habari nyingine kabisa. Yale ni gegedu iliyochakaa. Humuuma akitembea, hupoa akikaa, na ukakamavu wa asubuhi haumalizi nusu saa. Yeye alihitaji fimbo, mazoezi ya kukaza misuli ya paja, na kupunguza uzito kidogo. Gauti nayo, ambayo Kiswahili kinaiita jongo, hupenda kumvamia mtu usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Asidi kuzidi kwenye damu haitoshi kuithibitisha. Wengi wanayo na hawaugui kamwe, na wakati wa shambulio lenyewe inaweza kuonekana ya kawaida. Uthibitisho wa kweli ni kuvuta ute wa kwenye kiungo na kuziona chembe zake kwa hadubini. Na sijagusa homa ya rumatiki, inayohama kiungo hadi kiungo kwa mtoto aliyeumwa koo huku ikiharibu moyo kimyakimya, wala bruselosi ya wanywa maziwa mabichi, wala selimundu.

Najua nitakachojibiwa. Sisi ni maskini, mabingwa wa viungo ni wachache mno, mashine hakuna. Kweli. Lakini swali la yule daktari liligharimu nini? Kubonyeza vifundo kunahitaji umeme? Mimi nilipimwa asidi ya yuriki kwa fedha yangu mara tatu, na swali la bure sikupata hata mara moja.

Wala msiniambie lugha yetu ni finyu. Baridi yabisi ni masalio ya utabibu wa kale wa Wayunani na Waarabu, uliogawa maradhi kwa joto na baridi, ukavu na unyevu. Yabisi maana yake kavu. Ilikuwa elimu ya wakati wake. Lakini mwaka 1952, ulipozuka ugonjwa wa homa na viungo katika nyanda za juu za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, wenyeji waliwatazama wagonjwa jinsi walivyokunjamana kwa maumivu, wakautofautisha na homa nyingine kwa jina. Dunia nzima leo inasema chikungunya, neno la Kimakonde. Waliangalia kwanza, ndipo wakataja.

Sisi wagonjwa tunataja kabla ya kuangaliwa. Tunaingia kwa tabibu na jina tayari mdomoni, "nina baridi yabisi," naye anashukuru, kwa kuwa foleni ni ndefu. Siku hizi nikienda nasema: kinauma hapa, tangu lini, asubuhi hivi, jioni hivi. Nasema pole pole, hata akitazama saa.

Mwaka jana nilirudi kwenye ile zahanati, nikampelekea tabibu karatasi yangu ya hospitali. Sikwenda kugombana. Aliisoma yote, akaangalia vidole vyangu kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe." Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje kungoja jua lipungue. Mlango ulikuwa wazi. Akaingia mama mmoja wa makamo, amejifunga kitambaa kwenye kiganja, na kabla hajamaliza kuketi nikasikia sauti yake: "Hiyo ni baridi yabisi tu, mama."

Nikainuka, nikarudi ndani.