Luseni si mbuga

Ukishuka daladala Igoma, kwenye barabara ya Musoma, huna haja ya kutafuta mawe. Yamekaa juu ya vilima, moja limebebwa na jingine, na ndiyo sura ya Mwanza inayopigwa picha na kila mgeni. Kinachokanyagwa chini ya mawe hayo hakipigwi picha na mtu. Huitwa udongo, basi, kana kwamba ni kitu kimoja.

Mkulima wa Kisukuma hajawahi kukiita kitu kimoja. Kwake, anayeteremka kutoka kwenye jiwe kwenda bondeni anapita udongo wa aina nne au tano bila kuvuka mpaka wowote. Juu, karibu na jiwe, ipo luseni: kichanga kilichomeguka kutoka kwenye granaiti, chepesi kwa jembe, kinachokunywa mvua haraka na kukauka haraka. Hapo ni pa mihogo, karanga, njugu mawe na viazi vitamu. Penye udongo mwekundu mzito kidogo, jina linabadilika na kuwa kikungu. Katikati ya mteremko inaanza itogolo, ambako mchanga wa juu umelalia tabaka gumu lisilopitisha maji. Mvua zikichanganya, maji yanasimama juu kwa siku kadhaa. Chini zaidi ni ibambasi, udongo wa kijivu wenye magadi, mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi na utelezi mtupu wakati wa masika. Kisha bonde lenyewe, mbuga: mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa kiangazi, na ukilowa unameza tairi la trekta.

(Kiswahili cha redioni kimeligeuza neno hilo la mwisho kuwa mahali pa kwenda kutazama simba. Msukuma anayesikia tangazo la kutembelea mbuga ana haki ya kucheka kidogo.)

Si kila mteremko wa Igoma una pingili zote hizo, na nyingi zimeshafunikwa na nyumba. Lakini mpangilio ni huo, kutoka Mwanza hadi Shinyanga, na anayeujua anaweza kusimama juu ya kilima asichowahi kukifikia na kusema bondeni atakuta nini. Huo ni uainishaji, kwa maana ileile inayotumiwa vyuoni: jina moja linalobeba rangi, chembechembe, kina, tabia ya maji na mazao yanayofaa. Ajabu ni kwamba jina hilo halionekani kwenye karatasi yoyote anayopewa mnunuzi wa kiwanja. Hati ina namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa, mipaka na matumizi yaliyoruhusiwa. Udongo haumo.

Mtu akidhani majina ya wanavijiji hayafai kuingia katika nyaraka za serikali, na atazame Marekani. Kule, upande wa mashariki wa mto Mississippi, kuna vilima vyenye udongo wa kina kirefu uitwao loesi. Haukutokana na mwamba ulio chini yake. Uliletwa na upepo zama za barafu, ulipokuwa ukikausha matope ya bonde la mto na kuyapeperusha hadi kwenye vilima vya jirani, ambako umerundikana kwa mita nyingi. Chembe zake ni ndogo kuliko mchanga na kubwa kuliko mfinyanzi. Ukiusugua kati ya vidole unateleza kama unga wa sembe. Ukikatwa wima unasimama kama ukuta. Ndiyo maana wakazi wa mji wa Vicksburg walipozingirwa na majeshi mwaka 1863 walichimba mapango humo na kujikinga na mizinga, na ndiyo maana mamilioni ya Wachina wameishi katika nyumba zilizochongwa ndani ya loesi yao. Ukiachwa wazi kwenye mteremko, udongo huohuo unabebwa na mvua bila huruma. Mto Manjano wa China umepata rangi na jina lake kwa sababu ya loesi.

Sasa, Wamarekani walioanza kupima udongo wao kitaifa mwaka 1899 waliuitaje ule wa Mississippi? Waliupa jina la mji. Udongo wa juu ya vilima, wenye kina kirefu na usiotuamisha maji, unaitwa Memphis. Anayeteremka anakutana na Loring, kisha Grenada, wenye tabaka gumu chini linalozuia maji kushuka. Kisha Calloway, halafu Henry, ambamo maji hutuama. Majina ya miji na wilaya, basi. Wametaja aina zaidi ya 20,000 kwa mtindo huo, na kila jina lina ukurasa wake unaoeleza tabaka kwa tabaka. Mkulima au mjenzi anayejua kwamba shamba lake ni Grenada anajua pia kwamba shimo la maji machafu litamsumbua wakati wa mvua.

Grenada na itogolo si ndugu kwa asili: mmoja ni vumbi la upepo, mwingine ni mabaki ya granaiti. Ila kwa tabia ya maji wanafanana sana. Tofauti kubwa iliyobaki ni kwamba jina moja limo kwenye ramani ya serikali na jingine limo kichwani mwa bibi mmoja anayepalilia viazi.

Na hapa historia ina mzaha wake. Fikra ya kuusoma udongo kama mnyororo unaoning'inia kwenye mteremko haikuzaliwa Mississippi. Ilizaliwa Tanganyika. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alipokuwa akiandaa ramani ya kwanza ya udongo wa Afrika Mashariki alikwama: katika nchi ya vilima na mabonde, aina za udongo hubadilika kila baada ya mita mia chache, na ramani yenye vipimo vidogo haiwezi kuzichora moja moja. Mwaka 1935 akapendekeza zichorwe kwa pamoja, kama familia moja inayojirudia kutoka kilele hadi bonde. Akaipa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo: katena. Desemba mwaka huo alifunga safari ya miezi mitatu kupita sehemu mbalimbali za Tanganyika akichunguza udongo njiani. Maelezo ya safari hiyo yalichapishwa mwaka 1947, yeye akiwa ameshafariki. Leo hakuna mwanafunzi wa udongo duniani asiyefundishwa katena. Mwanafunzi wa Igoma naye huifundishwa akifika chuo kikuu.

Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, haikuwa na subira ya kufuata mnyororo. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza 1947, ulikuja na amri za kilimo, zikiwemo za kulima kwa matuta yaliyofungwa na kupunguza mifugo. Matuta hayo yanaweza kufaa sana kwenye luseni inayokauka haraka. Kuyalazimisha kila mahali, kwa faini, ni jambo jingine, na chuki iliyotokana na amri kama hizo ilikuwa miongoni mwa kuni zilizowasha siasa za Kanda ya Ziwa katika miaka ya 1950.

Wakulima walikuwa na hesabu zao. Itogolo na ibambasi, ambazo kwa pamba ni balaa, wao walizitazama upya: kama maji hayashuki, basi yakamatwe. Wakajenga majaruba, wakapanda mpunga, na tabaka gumu lililokuwa kasoro likawa sakafu ya bwawa. Sehemu kubwa ya mchele wa Kanda ya Ziwa inatoka kwenye udongo wa aina hiyo. Kule kisiwani Ukara, kwenye mchanga wa granaiti usio na rutuba ya kujivunia, watu walifunga ng'ombe zizini, wakabeba samadi shambani, na wakapanda marejea kati ya uwele ili waifukie kama mbolea. Maofisa wawili wa kilimo walipoandika kuhusu Ukara mwaka 1936 walikuta kilimo kinachorudia shamba lilelile mwaka hadi mwaka, kitu ambacho wataalamu wa wakati huo walikuwa wakihangaika kukifundisha kwingine.

Jina la udongo lina kazi hata leo. Chukua mfuko wa mbolea. Tangu Agosti 2022 serikali imerudisha ruzuku, na imefanya vyema. Lakini mfuko wa kilo 50 anaobeba mwenye luseni ni uleule anaobeba mwenye mbuga. Kwenye luseni, naitrojeni nyingi inazama na mvua ya kwanza kubwa kabla mahindi hayajaiona, na mbolea za amonia zikirudiwa miaka mingi bila samadi zinauchachusha udongo. Kwenye mbuga, tatizo la kwanza ni kuwahi kulima katika zile siku chache ambazo mfinyanzi si jiwe wala si tope. Kwenye ibambasi, magadi yanaweza kumkata mkulima miguu hata akimwaga mifuko mitatu. Maafisa ugani walipewa vifaa vya kupimia udongo mwaka huohuo wa 2022, na kifaa kinatoa namba nzuri kwa konzi moja ya udongo. Hakisemi konzi hiyo imetoka wapi kwenye mteremko, wala tabaka gumu liko kina gani chini yake. Jina la Kisukuma linasema.

Mjenzi naye ana yake. Igoma inapanuka kuelekea mabondeni kwa sababu vilimani pamejaa mawe na watu. Msingi unaokaa vizuri juu ya luseni, ukichimbwa kwa kina kilekile kwenye mbuga, utainuliwa masika na kushushwa kiangazi, na ukuta utapata ufa wa kuanzia kwenye kona ya dirisha. Choo cha shimo kwenye itogolo hujaa maji yasiyo yake. Fundi mzoefu anajua. Mnunuzi aliyetoka Bukoba au Tarime na akiba ya miaka kumi hajui, na hakuna ofisi inayolazimika kumwambia.

Wapo wataalamu wanaosita kuyaingiza majina hayo katika nyaraka, na hoja yao ina uzito. Itogolo ya Misungwi inaweza kuwa ibambasi ya Magu. Majina ya vijijini hayana kipimo cha uchachu wala cha chumvi. Na Igoma ya leo ina Wakurya, Wahaya, Wakerewe na Wajita ambao maneno hayo ni mageni kwao. Ni kweli. Ila Memphis pia lilikuwa jina tupu hadi watu walipokubaliana, wakachimba shimo, wakapima kila tabaka na kuandika ukurasa. Watafiti wa Ukiriguru, hapo Misungwi, wamekuwa wakiyatumia majina ya Kisukuma katika ripoti zao kwa miaka mingi, na mbuga imeshaingia katika vitabu vya udongo vya nje, ikikaa karibu na kundi la kimataifa liitwalo Vertisoli. Kazi ya kupima imeshaanza. Kilichobaki ni kuitoa maktabani na kuipeleka kwa afisa ardhi wa halmashauri, ili mstari mmoja uongezwe kwenye karatasi ya kiwanja: aina ya udongo, kwa Kisukuma na kwa kimataifa, pamoja na kina cha tabaka gumu.

Pa kuanzia pako karibu. Viwanja vya Nane Nane vya Nyamhongolo haviko mbali na Igoma, na kila Agosti watu humiminika huko kutazama mahindi yaliyopandwa kwa mistari iliyonyooka. Shimo la mita mbili lenye ukuta uliosafishwa, ngazi ya kushukia na kibao chenye majina mawili lingegharimu makoleo na vibarua wa siku moja. Na bibi wa viazi angepewa kiti pembeni, awaeleze wanaoshuka wanachokiona.