Mahame Si Pori

Liko neno dogo moja ambalo limewadhuru watu wa Marambo kuliko ukame na nguruwe mwitu. Neno lenyewe ni pori. Mtu atokaye mjini akipita njia ya Nachingwea kwenda Ruangwa, akaona miombo kushoto na miombo kulia, na nyumba chache za udongo baina ya mikorosho, husema: hapa ni pori tupu. Mwanafunzi aandikaye insha juu ya maisha ya shamba husema vivyo hivyo. Mpimaji husema hivyo katika ramani yake, na mtunga sheria katika kifungu chake. Nia yangu ni kuonyesha kuwa neno hilo, kwa sehemu kubwa ya nchi ile, si kweli. Kwamba wenyeji wamedhulumiwa kwalo mara nyingi. Na kwamba kosa hili halikuondoka pamoja na watawala wageni, bali limebaki mikononi mwetu sisi tuliosoma.

Lugha yetu si maskini wa maneno. Pori ni nchi isiyokaliwa wala kulimwa. Mahame ni mahali palipokaliwa, kisha watu wakahama. Tofauti ya maneno haya mawili ni tofauti ya kitu kisicho na mwenyewe na kitu ambacho mwenyewe hayupo nyumbani. Ajuaye kusoma nchi huona tofauti hiyo bila ya taabu. Mwembe hausimami katikati ya miombo kwa bahati. Ulipo mwembe palikuwa na ua, na palipokuwa na ua palikuwa na mtu aliyekula embe akatupa kokwa. Mikorosho haijipangi safu yenyewe. Jiwe lililochimbika kwa kusagia halikuchimbwa na mvua. Na chini ya msolo, mti ambao Wayao na jirani zao huuheshimu, wazee walimwaga unga na kuwataja waliotangulia. Mahali ambapo wafu hutajwa kwa majina hapawezi kuitwa patupu.

Hata kile kichaka kisicho mwembe wala kaburi, aghalabu ni shamba lililolala. Udongo wa sehemu nyingi za nchi ile ni wa kichanga, na nguvu yake si ya kudumu. Mkulima hufyeka, hulima mtama, mihogo, mbaazi na njugu mawe kwa miaka michache, kisha huliacha shamba lipumzike mpaka miti irudi na majani yake yaurudishie udongo rutuba. Mgeni huona uvivu mahali ambapo pana hesabu. Mvua huja kwa msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili. Baada ya hapo mito mingi hukauka, na akina mama huchimba mchanga wa mto kutafuta maji. Kwa watu wa namna hii kila kisima, kila kijito na kila kilima kina jina, kwa kuwa asiyejua jina la kisima hufa kwa kiu. Na kwa kuwa Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mara nyingi nyanya ndiye ajuaye shamba lipi lililolala ni la nani. Maktaba ya nchi ile imo vichwani mwa vikongwe, nasi twapita barabarani tukisema hapana kitabu.

Yapasa kuuliza: watu walikwenda wapi? Jibu la kwanza ni la mwaka 1905. Wamwera waliingia katika Vita vya Maji Maji mwezi wa Agosti mwaka huo. Jeshi la Wajerumani halikutosheka kupiga watu. Lilichoma vijiji na maghala na kuharibu mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa katika nchi yote ya vita hutoka 75,000 mpaka 300,000. Mikoa iliyotiwa moto ilijaa miti na wanyama, na waliokuja baadaye waliikuta hivyo, wakaandika kwamba ndivyo ilivyoumbwa.

Jibu la pili lapatikana Liwale, jirani wa Marambo. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa magharibi ya Liwale, na sababu iliyotolewa ni ugonjwa wa malale. Nchi yao ikawa ya tembo, sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Mwaka 1982 Selous iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia kwa sifa ya maumbile yake. Siwaonei tembo wivu. Nasema tu kwamba mtu akiondolewa nyumbani mwake, kisha nyumba ile ikasifiwa kuwa haijapata kukaliwa, amedhulumiwa mara mbili.

Ili msomaji asidhani kuwa dhuluma hii ni ya Afrika peke yake, nachukua mfano wa mbali, tena kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kuisifu nchi hiyo katika vitabu vya Kiingereza. Milima ya kaskazini ya Scotland husifiwa kwa ukimya na upweke wake. Lakini upweke huo ulitengenezwa. Katika bonde la Strathnaver, jimbo la Sutherland, wakulima walifukuzwa kati ya mwaka 1814 na 1819 ili mashamba yao yawe malisho ya kondoo. Patrick Sellar, wakala wa mwenye ardhi, alishitakiwa kwa ukatili wa kazi ile, na mwaka 1816 mahakama ya Inverness ikamwachilia. Kijiji cha Rosal kilibaki misingi ya mawe iliyofunikwa na nyasi. Kisha wakaja matajiri kuwinda paa na wachoraji kuchora ukungu, wakaiita nchi ile ya upweke wa asili. Majina ya vilima yalibaki ya Kigaeli, kama mashahidi waliokataa kuondoka mahakamani. Mtu wa Marambo akilisoma jambo hili hahitaji mkalimani.

Turudi Nachingwea. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma wajumbe chini ya John Wakefield kutafuta ardhi ya kulima karanga. Walitumia wiki chache, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka ndegeni. Kutoka juu hakuna mwembe wala kaburi. Kuna kijani tu. Mwaka 1947 ukatangazwa mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa zaidi ikiwa Jimbo la Kusini. Zikaja tingatinga, ikajengwa reli, likatengenezwa bomba la mafuta, ikaanzwa bandari ya Mtwara. Januari 1951 mpango ukafutwa, na paundi zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Reli ilifungwa mwaka 1962, vyuma vyake vikang'olewa. Kinachoniuma si fedha ya Waingereza. Kinachoniuma ni kuwa karanga na njugu mawe zilikuwa zikilimwa pale kwa jembe na watu waliojua lini mvua huanza na udongo upi huchoka upesi, wala ujuzi wao haukufanywa msingi wa mpango. Ukisema nchi ni tupu umekwisha sema pia kwamba hapana wa kuulizwa.

Wako watakaosema: hayo ni ya wakoloni, na wakoloni wamekwenda. La hasha. Operesheni Vijiji ya miaka 1973 hadi 1976 ilikuwa yetu wenyewe, na mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kukaa vijijini ni amri. Lengo lake lilikuwa jema: shule, zahanati na maji viwe karibu na watu. Sitalikejeli lengo hilo, wala sitasahau kwamba watu wengi wa Marambo walisoma kwa sababu yake. Lakini mkorosho haupandi lori. Wakulima wengi wa kusini waliwekwa mbali na mikorosho yao, na mikorosho ikaachwa vichakani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Bei mbaya na ugonjwa wa ubwiri unga vilishiriki katika anguko hilo, lakini kuwatenga watu na miti yao kulishiriki pia. Vijiji vilivyohamwa navyo vikawa mahame, na mahame, baada ya miaka, yakaitwa pori.

Mpinzani wangu aliye hodari ana hoja mbili, nami sitazificha. Ya kwanza: watu wa kule ni wachache na ardhi ni kubwa. Najibu kwamba uchache wa watu si kukosekana kwa wenyewe. Tajiri wa mjini ana nyumba tatu na hulala katika moja, wala hatuziiti mbili zile mahame, sembuse pori. Ya pili: taifa lahitaji mali, na mila isizuie maendeleo. Hoja hii ni nzito zaidi. Ruangwa leo yatajwa kwa madini ya kinywe, na ufuta umewaletea wakulima fedha. Sisemi kinywe kibaki ardhini. Nasema kwamba mwenye mali huombwa na hulipwa, na asiyejulikana kuwa yupo haombwi wala halipwi. Fidia ya nyumba yajulikana. Ya mkorosho yajulikana. Hata kuhamisha kaburi kuna sheria yake tangu mwaka 1969. Lakini ni nani atakayelihesabu kaburi ambalo ramani haikulitaja, katika mahali palipoandikwa patupu?

Na hapa neno hugeuka kuwa kisu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, namba 4, ielezapo ardhi ya jumla, yasema kuwa ndani yake imo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo, namba 5, ikaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa wanakijiji wenyewe, na ndani yake hata ile inayongojea kutumiwa. Baina ya sheria hizi mbili upo mlango, na ufunguo wake ni swali hili: shamba lililolala linatumika au halitumiki? Akijibu ajuaye, litakuwa shamba. Akijibu apitaye, litakuwa pori. Basi vita ya Marambo ni vita ya maana ya maneno, na wenye kazi ya maneno ni sisi.

Ndiyo maana nawalaumu waandishi na wanafunzi kabla ya maafisa. Afisa hulichukua neno tulilompa. Sisi ndio tuonyeshao kijiji katika sura mbili tu: peponi pa ndege na vijito, au gizani pa ujinga. Sura zote mbili hazina watu. Nachingwea ilikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, jeshi lililokomboa nchi nzima kufikia mwaka 1975, nasi bado twaandika kwamba huko hakujatokea jambo.

Kazi iliyo mbele si ya kulia. Vijiji hutakiwa kufanya mipango ya matumizi ya ardhi, na sheria ya mwaka 2007 imeweka njia. Na aende mwanafunzi wa lugha akaketi na bibi wa Kimwera, aandike jina la kila kijito, kila kisima na kila mahame, pamoja na majina ya waliokaa. Na karatasi hiyo iwekwe mezani siku ya mkutano wa kijiji, kabla ya ramani ya mgeni kufunguliwa. Vikongwe hawangoji. Kila azikwaye na majina yake, sehemu nyingine ya nchi yageuka pori kwa kweli, na safari hii mwenye kosa hatakuwa Mjerumani wala Mwingereza.